Marafiki zangu hawajali picha ninazowatumia. Niache?

Shikamoo Shangazi,

Mimi ni msomaji wako wa siku nyingi. Leo nimeona nami nikuandikie, maana jambo hili linaniumiza na kila nikilieleza kwa watu wananiona mtoto.

Napenda sana kupiga picha za maumbile. Sina kamera, natumia simu tu. Nikiona wingu limekaa vizuri, jua linachomoza, ua limefunguka au ndege ametua karibu, lazima nisimame nipige, hata kama nimechelewa ninakokwenda. Tuna kundi letu la WhatsApp, marafiki tuliosoma pamoja, na sasa kila mtu yuko kwake na maisha yake. Kwa kuwa hatuonani, niliona picha ndiyo njia yangu ya kuwa nao. Basi karibu kila asubuhi nawatumia. Siku nyingine kumi, siku nyingine ishirini, inategemea nimeona nini.

Mwanzoni walikuwa wakisifu. Siku hizi napata dole gumba moja, na mara nyingi hata hilo silipati. Alama za buluu zinaonyesha wameona, lakini kimya. Juzi nilituma picha za machweo nilizozipenda mno, anga limewaka rangi ya chungwa mpaka kwenye maji. Rafiki mmoja, tena ndiye niliyemhesabu wa karibu kuliko wote, akaandika: "Jua ni lilelile la jana, mbona unatujazia simu?" Wengine wakaweka vicheko. Nilipomfuata pembeni kumwuliza kwa nini ameniaibisha, akanijibu: "Kizuri chajiuza. Zingekuwa nzuri tungezisifu bila kuombwa."

Shangazi, nililia.

Kinachoniuma zaidi ni kwamba mwenzetu mwingine humohumo huweka picha za mandhari zilizopakwa filta, anga la zambarau, bahari ya kijani kama rangi ya ukutani, na watu wanammwagia sifa. Mimi natuma kitu cha kweli nilichokiona kwa macho yangu na siambulii kitu. Ingawa nakiri, picha zangu mara nyingi hazifanani na nilichokiona. Majuzi mwezi ulichomoza mkubwa juu ya mlima, kwenye simu ukatokea nukta nyeupe. Sijui tatizo ni simu au ni mimi.

Halafu yuko mtu mwingine, yeye si wa kundi hilo, aliona kwenye stetasi yangu picha ya kiota chenye makinda. Sasa ananisumbua nimtumie mahali hasa kilipo ili akapige na yeye. Nimtumie?

Nimekuambatishia picha tano uzitazame. Nijitoe kwenye kundi? Niache kabisa kutuma? Au nami nianze kuzipaka rangi?

Wako,
Mpenda Machweo

SHANGAZI ANAJIBU

Marahaba mwanangu, na pole.

Kundi usijitoe, na kutuma usiache. Namna unavyotuma ndiyo ibadilike, tena sana. Huyo aliyekucheka mbele ya wenzako alikukosea, na nitamfikia, lakini kwanza tuzungumze kuhusu picha, maana ndiko kwenye uzito.

Nimezitazama zote tano. Nne ni machweo juu ya maji. Nimezipenda, ila nakwambia kweli, nilipofika ya nne sikuweza kusema inatofautiana wapi na ya kwanza. Ya tano ikanikamata. Ni uzi wa buibui wenye umande, na katikati yake kuna tone moja kubwa kuliko mengine. Nilipoikuza nikaona ndani ya lile tone kuna mti mzima umepinduka, shina juu, matawi chini, na pembeni kwenye ukingo kuna mstari mwembamba wa mwanga ambao nadhani ni jua lenyewe. Tone la maji hufanya kazi ya lenzi, hupinda mwanga na kukipindua kilicho nyuma yake, ndiyo maana mti ule ukasimama kichwa chini. Nikabaki na maswali. Uliuona mti ulipokuwa unapiga, au uligundua baadaye? Ulisubiri upepo utulie? Ulipiga magoti kwenye majani mabichi? Siwezi kujua, kwa sababu hukuandika hata neno moja, na picha yenyewe uliiweka ya mwisho, nyuma ya machweo manne.

Sasa fikiria rafiki yako anayepokea ishirini kwa mpigo. Yuko kazini, au mtoto analia, au amesimama kwenye foleni. Anafungua, anaona rangi ya chungwa, anapandisha kidole, chungwa tena, chungwa tena. Picha yenye tone ikiwa ya kumi na saba, hataifikia. Kimya chake hakisemi kwamba picha ni mbaya. Mara nyingi kinasema kwamba hakujua atazame wapi.

Ule msemo wa kizuri chajiuza, rafiki yako aliutumia mahali si pake. Kilichokuwa mbele yako asubuhi ile ya umande kilikuwa na baridi, sauti za ndege, harufu ya udongo uliolowa, na utulivu wako wewe uliyekuwa peke yako. Simu imebeba mwanga peke yake, tena sehemu tu ya mwanga huo. Wewe ukiirudia picha, yale mengine yote yanakurudia, kwa hiyo kwako imejaa. Yeye hana cha kukumbuka. Inabidi umpe, na huwezi kumpa kwa kuandika "Asubuhi njema" chini ya picha. Andika kilichokusimamisha. Kwa hiyo picha ya tone ungeandika: "Kuza uangalie ndani ya tone la katikati, kuna mti umepinduka." Basi, sentensi moja. Nakuhakikishia atakuza, kwa sababu umempa kazi ya kufanya na macho yake.

Tuma moja. Najua itakuuma, maana kila picha ni mtoto wako. Lakini kuchagua ni nusu ya sanaa yenyewe. Mwaka 1861 mpiga picha wa Marekani, Carleton Watkins, aliingia kwenye bonde la Yosemite huko California na nyumbu, wale wazao wa punda na farasi, waliombebea kamera kubwa na vioo vya inchi 18 kwa 22. Enzi hizo kila picha ilikuwa na kioo chake: ukipake dawa, upige, ukisafishe palepale kabla dawa haijakauka. Mtu wa namna hiyo hapigi hovyo. Anatembea, anatazama, anasubiri mwanga, kisha anaamua. Picha zake zikasafiri mpaka upande wa pili wa nchi, zikapita mikononi mwa watu wenye mamlaka, na zikasaidia kuwashawishi. Tarehe 30 Juni 1864 Rais Abraham Lincoln akatia saini sheria ya kulilinda bonde lile, bonde ambalo yeye mwenyewe hakuwahi kulikanyaga. Picha inaweza kumfikia mtu aliye mbali kiasi hicho. Mpe nafasi ya kuiona.

Zile nyingine usizifute. Wingi una mahali pake, na mahali pake ni kwako. Alikuwako mkulima mmoja wa jimbo la Vermont, Marekani, Wilson Bentley, ambaye Januari 1885 alifanikiwa kupiga chembe moja ya theluji kupitia hadubini. Hakuacha tena. Hadi anafariki mwaka 1931 alikuwa amepiga zaidi ya 5,000, na uzuri wa kazi yake uko kwenye wingi huo, kwa sababu ukiziweka pamoja ndipo unaona jinsi kila chembe ilivyojitengeneza kivyake. Fungua albamu kwenye simu yako kwa ajili ya machweo ya pale kwenye maji. Simama palepale kila unapopita, elekeza simu upande uleule. Baada ya misimu kadhaa utaona jua linavyohama kwenye upeo wa macho, kushoto kisha kulia, na utaona miezi ambayo vumbi au moshi hewani hubadilisha rangi. Hapo ukimwonyesha mtu machweo mawili, moja la msimu huu na moja la ule, ubavu kwa ubavu, hatasema tena kwamba jua ni lilelile la jana.

Tena usipeleke kila kitu kwenye kundi. Kwenye kundi kila mtu hudhani mwenzake atajibu, mwisho hajibu yeyote. Fikiria ni nani angeipenda hii. Aliyekuwa akipenda ndege tangu shuleni, mtumie ndege. Aliyefiwa na hana hamu ya maneno mengi, mtumie lile ua. Mtumie faraghani, na umwambie, "Hii imenikumbusha wewe." Picha ileile iliyopata kimya kwa watu wengi, kwa mtu mmoja inaweza kufungua mazungumzo ya saa nzima. Nimeliona hilo kwangu na kwa wengi wanaoniandikia.

Umesema picha hazifanani na ulichokiona. Hilo halitokani na wewe, na sehemu yake wala halitokani na simu. Mwezi angani una upana wa nusu digrii tu. Lenzi ya kawaida ya simu huchukua upana wa digrii kama 70. Gawanya mwenyewe uone, mwezi unapata chini ya sehemu moja ya mia ya upana wa picha. Ule ukubwa uliouona juu ya mlima ulitengenezwa na ubongo wako. Siku nyingine mwezi ukichomoza, nyoosha mkono, ufiche kwa kidole kidogo. Rudia ukishapanda juu kabisa. Utakuta kidole kinaufunika vilevile mara zote mbili. Kwa hiyo kama simu yako ina lenzi ya kuvuta karibu, itumie, na uweke kitu kando ya mwezi, mti au ukingo wa mlima, ili jicho lipate cha kulinganisha. Piga mwezi mpevu jioni unapochomoza, wakati jua limetoka tu kuzama na anga bado lina mwanga. Usiku wa manane simu huongeza mwangaza ili kupambana na giza, na ndipo mwezi unapogeuka nukta nyeupe. Gusa mwezi kwenye kioo, kisha shusha mwangaza kwa kidole mpaka uanze kuona madoa yake.

Machweo nayo ni hivyohivyo. Jua likiwa chini, mwanga wake hupita kwenye hewa nyingi zaidi kabla ya kutufikia. Buluu hutawanyika njiani, nyekundu na njano ndizo zinazofika. Sasa simu ikiona chungwa limezidi, hudhani ni kasoro na kuirudisha rangi iwe "ya kawaida". Ukishusha mwangaza kidogo kabla ya kupiga, na baadaye ukarudisha joto la rangi, yaani ule unjano na wekundu wake, kwenye sehemu ya kuhariri mpaka lifanane na ulivyoona, hujadanganya mtu. Umerekebisha kosa la mashine. Mpaka wangu uko hapo: rudisha kilichokuwapo, usiongeze ambacho hakikuwapo. Anga la zambarau kila siku ni uzuri wa mkakasi, na mtu akizoea hilo ataanza kuliona anga halisi halina maana, jambo ambalo mimi linanihuzunisha kweli. Lakini huyo mwenzako mwache. Sifa anazopata hazikupunguzii chochote, na ukianza kushindana naye utaacha kutazama.

Na kutazama ndiko kunakotangulia. Mwaka 2014 mwanasaikolojia Linda Henkel wa Chuo Kikuu cha Fairfield, Marekani, alichapisha utafiti aliowafanyia wanafunzi kwenye jumba la makumbusho. Vitu walivyovipiga picha vizima walivikumbuka kwa udhaifu kuliko walivyovitazama tu. Ila walipoambiwa wavute karibu sehemu moja ya kitu, kumbukumbu haikudhoofika. Mimi nalichukulia hivi: ukifika mbele ya kitu kizuri, simu ibaki mfukoni kwanza. Tafuta ni kipi hasa kilichokuvuta, kisha kipige hicho. Siku ya lile tone ulifanya hivyo bila kuambiwa. Siku za machweo, nahisi ulitoa simu kabla macho hayajashiba.

Kuhusu kiota, jibu ni hapana, na usione haya. Watu wakipishana pale, wazazi hukaa mbali na makinda hubaki na njaa, wanyama wawindaji huongozwa na nyayo na harufu, na makinda wakishtuka huweza kuruka kabla mbawa hazijakomaa. Mwambie utamwonyesha mahali pale makinda wakishaondoka. Wewe pia usirudi mara kwa mara. Jihadhari vilevile na kitu kisichoonekana: ikiwa umeiruhusu kamera kutumia huduma ya mahali, faili la picha huhifadhi ndani yake sehemu na saa ulipopiga. Ukiituma kwa njia ya kawaida kwenye WhatsApp, taarifa hizo huondolewa, lakini ukiituma kama dokumenti ili isipoteze ubora, huenda nazo. Hilo lichunge pia kwa picha unazopiga dirishani kwako, na kwa mimea adimu, okidi hasa, maana wapo wanaong'oa kwa ajili ya kuuza.

Nina swali moja ambalo barua yako haikunijibu. Wenzako wanatuma nini humo? Umeniambia mengi kuhusu picha zako na wanavyozipokea, na kuhusu zao umetaja zile za filta peke yake. Mmoja akituma mlima alioupita safarini, wewe huandika nini? Kama ni dole gumba, basi mko sawa. Anza wewe. Acha "nzuri sana," kwa kuwa hiyo huandikwa hata bila kufungua picha. Mwulize alisimama wapi. Mwambie umeona kivuli cha wingu kwenye mteremko wa kushoto, na umwulize kama kulikuwa na upepo. Unajua, hata watu wawili wakisimama bega kwa bega wakitazama upinde wa mvua, kila mmoja anaona upinde wake. Mwanga hurudi kutoka kwenye matone kwa pembe ya digrii 42 hivi kuelekea kila jicho, na matone yanayokuletea wewe nyekundu siyo yanayomletea yeye. Kwa hiyo usidhani unajua mwenzako aliona nini. Mwulize, naye ataanza kukuuliza.

Sasa huyo rafiki. Mambo mawili yamechanganyika hapa, yatenganishe. La kwanza, simu kujaa na bando kuisha ni kero ya kweli, hasa kwa mwenye simu inayopakua kila kitu yenyewe. Hapo ana haki. La pili, kukucheka mbele ya watu na kisha kukukejeli ulipomfuata kwa staha, hana haki hata chembe. Usimwandikie, mpigie, maana maandishi hayana sauti na mtazidi kukwaruzana. Mwambie: "Kuhusu kujaza simu nimekuelewa, nitapunguza. Kunicheka mbele ya wenzetu kuliniuma, na naomba usirudie." Ukishasema, nyamaza umsikilize. Inawezekana hakujua kwamba zile picha ndiyo njia yako ya kuwa nao, kwa kuwa jambo hilo umeniambia mimi, na sioni kwenye barua kama uliwahi kuwaambia wao. Liseme. Akiomba radhi, pokea na yaishe. Akirudia kejeli, abaki rafiki yako kwa mambo mengine, na picha uwatumie wale wanaozitazama.